Gulio la Mtaa Wetu Lisubiri Msimu wa Korosho

Majirani kadhaa wameniuliza kwa nini, katika kikao cha mtaa, nilishikilia kwamba gulio la mtaa wetu, la familia zote, lifanyike Oktoba badala ya Agosti. Sababu ya kwanza ni fedha. Hapa Mtwara minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na mkulima hulipwa kupitia chama chake cha msingi cha ushirika baada ya mzigo kuuzwa. Kabla ya hapo wengi wetu hupita mbele ya meza za watu tukiuliza bei tu. Agosti, isitoshe, ina Nane Nane, maonesho ya wakulima ambayo kwa kanda yetu hufanyika Ngongo, Lindi, na wajasiriamali wetu wenye uwezo wa kusafirisha bidhaa huwa huko.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Korosho ghafi husafirishwa hadi India na Vietnam, lakini bibo lililoanguka asubuhi huanza kuharibika ndani ya siku moja, kwa hiyo tunda ambalo mashambani huachwa likioza chini ya mikorosho halina soko jingine la maana isipokuwa lile lililo karibu na mti wenyewe. Wapo akina mama mtaani kwetu wanaojua kuchuja juisi yake hadi ukakasi ukapungua, nao hawajawahi kupata meza mahali penye watu wengi. Wawekwe mwanzoni kabisa mwa barabara ya gulio, wakifuatiwa na wabanguaji wa korosho, wauza ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha na wachonga vinyago.

Mvua si tatizo, kwani kwetu huku huanza kushika kuelekea Desemba, na turubai chache za kivuli zitatosha.

Kuhusu ada ya meza, napendekeza wenye maduka makubwa wachangie na wauza vitafunwa wasitozwe chochote. Afisa maendeleo ya jamii naye aalikwe, apewe meza na muda wa kutosha, aeleze ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa sababu vikundi vingi huisikia redioni bila kujua fomu inaanzia wapi.

Bodaboda na bajaji zizungukie barabara ya nyuma kuanzia asubuhi hadi magharibi, ili watoto wacheze pasipo mzazi kumshika mtoto wake mkono. (Madereva watalalamika, wapewe eneo la kuegesha kwenye kona, wateja watawafuata wenyewe.) Spika iwe moja tu, izimwe kila adhana inaposikika, na alasiri waachiwe wazee wa sindimba na ngoma zao, ambazo hazihitaji umeme.