Nilivyopeleka jodari Ulaya bila kuwa na kiwanda

Karibu kila niliyemuuliza nianzie wapi kupeleka jodari Ulaya alinijibu vilevile: tafuta mnunuzi kwanza, karatasi zitafuata. Ushauri huo ni wa kukufilisi. Mnunuzi nilimpata, tena bila taabu kubwa, na swali lake la kwanza halikuwa bei wala ukubwa wa samaki. Aliuliza namba ya kiwanda. Umoja wa Ulaya hupokea samaki kutoka nchi iliyoidhinishwa, na ndani ya nchi hiyo kutoka kiwanda kilichomo kwenye orodha yao. Orodha yenyewe iko wazi kwenye intaneti. Namba yako haimo, mzigo hauingii, na hakuna barua ya kuomba huruma.

Mimi sina kiwanda. Ukitaka kujua kwa nini, soma masharti ya maji, sakafu, vyoo, wadudu na HACCP, yaani mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari za usalama wa chakula, kisha hesabu fedha zako. Nikaenda kwa wenye nacho, orodha mkononi, wanichakatie na kunigandishia kwa malipo ya kila kilo. Namba yao ndiyo inakaa kwenye katoni zangu. Angalia pia kiwanda kimeandikishwa kwa kazi gani, maana wengine wana kibali cha ghala la baridi tu, na ghala halikati samaki. Rafiki zangu walinicheka kwamba natajirisha watu wengine. Sawa. Wao bado wanajenga.

Kuna bwana mmoja anajiita mshauri, na ada anatoza. Yeye aliniambia jodari akishagandishwa hakuna cha kuogopa. Uongo mtupu! Kuna histamini, sumu inayomdhuru mlaji; hutengenezwa na bakteria samaki akikaa na joto baada ya kufa, na ikishaingia kwenye nyama haitoki. Gandisha, chemsha, kaanga, imo tu. Wenzetu wa Ulaya wanapima sampuli tisa: wastani usipite miligramu 100 kwa kilo, mbili tu zinaweza kuwa kati ya 100 na 200, na hata moja isivuke 200. Kwa hiyo vita vyote viko kwenye mashua, saa zile za kwanza. Nikawa nawapa wavuvi barafu bure kabla hawajatoka, halafu wanaporudi nachomeka kipimajoto karibu na uti wa mgongo wa samaki, mbele ya macho yao. Aliye baridi namlipa zaidi, aliye na joto simchukui. Nahodha mmoja alininunia kabisa, akasema namwona mwongo. Siku hizi ndiye anayedai barafu nyingi kuliko wote.

Jodari wakubwa mno siwataki pia, ingawa wanapendeza kwenye picha. Zebaki hujilimbikiza kwa samaki aliyekula miaka mingi, na kwa jodari kikomo ni miligramu 1 kwa kilo.

Cheti cha mavuo nilitishwa nacho sana, eti kinahitaji meli kubwa yenye nahodha msomi. Hiki ni cha kuzuia uvuvi haramu, na kimekuwepo tangu 2010. Wavuvi wangu wana mashua za chini ya mita 12 na hawakokoti wavu, na kwa mashua za namna hiyo kuna cheti chepesi: msafirishaji anaorodhesha mashua zilizomletea samaki, serikali inathibitisha. Basi.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Nilikuwa nimesikia kwamba mizigo mingi hukwama si kwa samaki mbovu bali kwa karatasi zinazogombana. Nikamwita shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye jodari anamjua akiwa sahanini tu. Nikaweka katoni moja mezani na rasimu zote: cheti cha afya, cheti cha mavuo, ankara, orodha ya katoni, hati ya meli. Nikampa kalamu nyekundu. Nikamwambia, shangazi, sahihisha kama mtihani.

Alisahihisha! Karatasi moja ina Thunnus albacares, jina la kisayansi la jodari wangu, nyingine imeandikwa jodari basi, akazungushia duara. Namba ya fungu ilikuwa imepoteza sifuri njiani. Kisha akavua miwani, akanitazama: "Mwanangu, huyu samaki aligandishwa kabla hajavuliwa?" Karani wa kiwanda alikuwa amegeuza tarehe. Na uzito ukamkera kuliko yote, kwa sababu ankara na lebo havikulingana. Ankara ilihesabu hata ganda la barafu wanalovikwa vipande visikauke, wakati uzito halisi unaoandikwa haupaswi kuwa na barafu hiyo. Tukachukua vipande kadhaa, tukavimwagia maji baridi taratibu mpaka ganda likaisha, tukavifuta, tukapima. Lebo ilikuwa sawa, ankara ikachapwa upya.

Mshauri wangu yule alikuwa na lingine: cheti cha afya unaweza kukifuata meli ikishaondoka. Ukifanya hivyo umekwisha. Mkaguzi wa serikali anasaini kabla mzigo haujatoka mikononi mwa mamlaka yake. Lugha ya cheti nayo inafuata nchi ambako mzigo unakaguliwa mpakani, si nchi anakokaa mnunuzi, labda nchi hiyo iwe imekubali lugha nyingine. Mnunuzi wangu yuko Ureno, kontena lilipitia Hispania. Uliza mapema.

Paleti za mbao ziwe zimepashwa joto na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao. Kontena nyuzi 18 chini ya sifuri. Mimi huficha kifaa cha kurekodi joto katikati ya katoni.

Gharama? Maabara, mkaguzi, wakala, vifungashio: ningeweza kununua pikipiki nzuri na chenji ikabaki. Kule Ulaya mnunuzi au wakala wake ndiye anayetanguliza taarifa kwenye TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya wa kufuatilia mizigo kama hii, kabla mzigo haujafika. Wangu alidhani wenye meli watamfanyia, nikampigia simu usiku wa manane kwake. Aliamka akiwa mkali, akajaza, na kontena likapita. Malipo yaliingia bila kukatwa kitu.