Hita mpaka mwisho, mchana wa Januari: nilivyoiponya Forester yangu

Gari langu lilikuwa linachemsha, na mjomba aliniambia niliuze. Fundi wa kwanza akasema thamostati, ile valvu inayoyazuia maji mpaka injini ipate joto, ing'olewe. Fundi wa pili akasema niandae hela, injini lazima ishushwe. Wote watatu walikosea, na nimekaa nalo jambo hili moyoni tangu Januari, kwa hiyo leo nalitoa lote.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya 2005, ile wanayoiita SG5, injini EJ20 isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Nakaa Goba, Dar es Salaam, kazi yangu iko Upanga, kwa hiyo kila siku ya Mungu tunapita pamoja Makongo, foleni ya Mwenge, na kurudi. Nimekuwa nalo mwaka wa saba sasa. Nalijua kwa mlio, nalijua kwa harufu, na asubuhi likiwashwa na mtu mwingine nikiwa bado kitandani, najua kama wamelikanyagia mafuta kabla halijapata joto. Hapo huwa natoka nje na khanga yangu na kusema.

Watu wanadhani mapenzi haya ni ya kufuata mkumbo, kwa vijana wanaopita usiku Bagamoyo Road wakipiga kelele. Kwanza mlio ule wa kubweka ni wa injini za tabo zenye mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. La kwangu halibweki, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Pili, mimi nililipenda kwa sababu ya nyota. Babu yangu wa Pangani alikuwa mkulima, na utotoni alitufundisha kuitazama Kilimia angani, lile kundi dogo la nyota linalomwambia mtu wakati wa kushika jembe umefika. Alikuwa na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia. Zile nyota sita za kwenye nembo ndizo hizo hizo za babu. Moja kubwa na tano ndogo, kwa sababu mwaka 1953 kampuni tano ziliungana zikawa moja, Fuji Heavy Industries, na gari lao la kwanza kutengenezwa kwa wingi, Subaru 360, likatoka 1958. Tangu siku nilipolijua hilo, sijawahi kumruhusu mtu aniambie nimenunua bati la Kijapani.

Sasa turudi kwenye kuchemsha.

Desemba hosi ya chini ya rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa, ilipasuka. Nikalipeleka gari gereji ya jirani, chini ya mwembe, hosi ikabadilishwa, maji ya bomba yakamiminwa kwenye mdomo wa rejeta mpaka yakafurika, mfuniko ukafungwa, nikaambiwa "tayari mama, nenda". Nikaenda. Wiki mbili baadaye natoka harusini Mlandizi, nimefika Kibaha, mshale wa joto unaanza kupanda. Forester inapokuwa nzima mshale ule unakaa chini kidogo ya katikati na hauchezi kabisa, hata ukipanda mlima wa Kitonga. Siku ile ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu mwenye homa. Nikaegesha. Kijana wa bodaboda akaja mbio na kitambaa, anataka kufungua mfuniko wa rejeta ili "ipumue". Nilimshika mkono. Mfuniko ule unabana maji kwa shinikizo ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiufungua pale pale yanakurukia usoni. Tulikaa karibu saa nzima kwenye kivuli cha duka, tukala mahindi, ndipo nikafungua. Maji yalikuwa hayafiki hata shingoni.

Fundi wa kwanza ndiye yule yule wa mwembe. Dawa yake: kung'oa thamostati. "Hii ni ya nchi za baridi, mama. Dar joto hili inafanya nini?" Nikakubali, na ninajuta mpaka leo. Thamostati ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi kama 78, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto linalotakiwa, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumimina petroli. Nilikuwa napata kilomita tisa hivi kwa lita kwenye foleni zetu. Ikashuka mpaka saba. Na kuchemsha hakukuisha! Alfajiri barabara ikiwa wazi mshale unalala chini kabisa, jioni nikikwama Mwenge unapanda vile vile.

Fundi wa pili, gereji kubwa yenye geti na mapokezi, hakugusa hata spana. Alisikiliza sentensi mbili tu. "Gasketi. Subaru zote ndivyo zilivyo." Yaani ile inayoziba kati ya bloku na vichwa vya injini imeungua: milioni na ushee, injini ishuke, vichwa viende kukatwa. Mjomba aliposikia bei hiyo ndipo akaanza: "Mwanangu, chukua Toyota upumzike."

Ni kweli gasketi za injini za EJ zina historia yake, silikatai hilo. Lakini gasketi ikiungua inatoa dalili, na mimi nilizitafuta moja moja. Oili kwenye kijiti haikuwa rangi ya chai ya maziwa. Moshi haukuwa mweupe wala haukunukia utamutamu. Hosi ya juu nikiishika asubuhi kabla ya kuwasha ilikuwa laini, haijajaa upepo. Tangi la akiba halikunuka moshi wala petroli. Sasa gasketi gani hiyo?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye Subaru Legacy ya zamani, tulikutana sheli. Sisi wenye Subaru hupigana taa na tukikutana husimama. Nikamweleza. Akauliza swali moja: "Mshale ukipanda, hita inatoa nini?" Nilishangaa. Nani anawasha hita Dar es Salaam? Miaka saba sikuwahi kukigusa kile kitufe. Akasema, "Jaribu. Ukipanda, washa hita mpaka mwisho. Ikitoa upepo wa baridi, maji hayafiki kule. Kuna hewa ndani."

Jioni ile ile, foleni ya Makongo, mshale ukaanza safari yake. Nikazima kiyoyozi, nikawasha hita mpaka mwisho. Upepo ukatoka wa baridi, safi kabisa, injini ikiwa inaungua. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari kwa furaha.

Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili kulia, mbili kushoto, zinapigana ngumi kwa mlalo, mtindo walioushika tangu Subaru 1000 ya 1966. Ulalo huo unaishusha injini chini na kulifanya gari litulie kwenye kona. Lakini maji yanapaswa kujaza pande zote mbili, yapite bomba linaloziunganisha juu, yaende mpaka kwenye hita iliyo juu nyuma ya dashibodi. Ukimimina haraka haraka kwenye mdomo wa rejeta, hewa inapanda na kujificha kule. Rejeta inaonekana imejaa, kumbe injini ina pengo. Hewa hiyo ikifika kwenye pampu, maji yanasimama.

Nikaamua kuitoa mwenyewe, na mara ya kwanza nilishindwa. Jumamosi asubuhi, uani kwangu, penye usawa. Nilifungua mfuniko, nikawasha injini, nikawa naongeza maji kidogo kidogo huku viputo vikitoka. Vikatoka, vikatoka, vikaisha. Feni ikazunguka. Nikafunga, nikaingia barabarani nikiwa na uhakika. Nilipofika karibu na Chuo cha Ardhi mshale ukainuka. Niliegesha, nikazima, nikaweka kichwa kwenye usukani. Wanafunzi wawili wakaja kunipa pole, na mmoja akasema baba yake naye alikuwa na Subaru, akaiuza. Karibu nilie.

Kosa langu lilikuwa mawili. Sikuwa na thamostati, na gari lilikuwa limekaa sawa.

Jumatatu nikaenda maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, kutafuta thamostati. Duka la kwanza wakanipa moja ndogo, ya kwenye pakiti isiyo na maandishi ya maana. Hii sikuikubali. Ya asili ya Subaru ni kubwa, tumbo pana, ukizishika mbili mikononi tofauti unaiona bila kuambiwa. Nikazunguka maduka kama matano mpaka nikaipata, kama elfu sabini hivi baada ya kuombana sana, na kijana wa duka akaniuliza nimejuaje. Boliti mbili tu, chini ya injini, kwenye pampu ya maji. Kijana wa gereji nyingine aliifunga huku nikiwa nimechuchumaa pembeni namuangalia.

Nikanunua kulanti, ile dawa ya maji ya kupoozea injini, na maji ya betri yale yasiyo na asidi, nichanganye nusu kwa nusu. Hapa pia watu watakwambia kulanti ni ya wazungu wa theluji. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu, na maji yetu ya visima, kwa chumvi ile, yanaila rejeta kimya kimya.

Jumapili mchana, jua la Januari limesimama utosini, nikalipeleka gari kwenye kile kilima kinachoingia mtaani kwetu. Goba kilima si kitu cha kutafuta. Nikaliegesha pua ikitazama juu, handibreki mpaka mwisho, jiwe nyuma ya kila tairi la nyuma. Injini ya baridi kabisa. Kwanza nikachomoa hosi ya juu upande wa rejeta, nikaiinua, nikaimiminia kulanti ndani ya hosi yenyewe, iingie moja kwa moja kwenye injini. Huu ndio ufunguo, na sijawahi kumuona fundi wa mwembe akiufanya. Ilikunywa karibu lita mbili! Lita mbili ambazo zingebaki hewa. Nikarudisha hosi, nikalegeza ile skrubu ya plastiki ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, upande usio na mfuniko, nikajaza mpaka majimaji yakatokea pale, nikaikaza.

Kisha chupa. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaikata kitako, nikaizungushia mdomo kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ikabana barabara kwenye mdomo wa rejeta. Nikaijaza nusu. Sasa chupa ndiyo mahali pa juu kuliko pote, hewa haina pa kujificha.

Nikawasha. Hita mpaka mwisho, feni ya ndani namba ya kwanza. Mtoto wa dada yangu alikuwa ndani anasimamia mshale, jasho linamtiririka, na kila dakika ananiambia, "Bado baridi, mama mkubwa." Mimi nje nakamua hosi kwa kitambaa, nabana, naachia, kama mtu anayekamua ng'ombe. Viputo vidogo. Kimya. Viputo. Kisha ghafla injini ikapiga chafya moja kubwa, bluku, chupa ikashuka yote, nikaongeza haraka, ikashuka tena. Na mtoto akapiga ukelele ndani: "Inaunguza! Inaunguza!" Hita ilikuwa inatoa moto. Upepo wa moto, saa saba mchana, Dar es Salaam, na mimi nikaingia nao ndani nikaweka mikono pale kwenye matundu nikashukuru Mungu. Tukangoja feni za rejeta ziwake na kuzima mara mbili, chupa haitoi tena kiputo, nikazima, likapoa, nikafunga mfuniko mpya (ule wa zamani mpira wake ulikuwa umechoka, ubadilisheni tu).

Asubuhi yake niliangalia tena kiwango kabla ya kuwasha. Kilishuka kidogo, nikaongeza kwenye tangi la akiba. Ndio basi. Petroli ikarudi kwenye tisa yake.

Mvua za masika zilipokuja na barabara yetu ikawa tope la kunyonya viatu, nilipanda kile kilima nikiwapita majirani watatu waliokwama, magurudumu yote manne yakivuta. Nikarudi na kamba nikawavuta mmoja mmoja. Mmoja wao ni yule anayesema kila siku kwamba Subaru inakula mafuta. Nilimvuta vizuri kabisa. Ila kwa mwenye gari la namna hii: matairi nunua manne kwa pamoja, yalingane, hata kama yanauma mfukoni. Tairi moja jipya na matatu yaliyolika yanaitesa gia boksi. Na fundi akikuambia plagi ni kazi ya dakika kumi, jua hajawahi kuzifungua, maana zimelala ubavuni, na mimi huwa namwambia kwanza aondoe betri na boksi la hewa apate pa kupitisha mkono.

Mjomba alipanda nami mwezi uliopita mpaka Morogoro na kurudi. Hakusema kitu, ila niliona macho yake yako kwenye mshale safari nzima. Jumapili hii jirani wa mtaa wa pili mwenye Subaru Impreza anakuja, naye kaambiwa gasketi. Nimemwambia aje injini ikiwa ya baridi, na mawe mawili. Chupa bado ninayo.