Jaketi la Henry Freeman

Ilikuwa Oktoba, nina miezi minne tu Uingereza, shoga yangu anayeishi Leeds akaniambia twende Whitby ukaione bahari maana kwa unavyoilalamikia utaumwa. Tukapanda basi asubuhi tukakatiza nyika ya North York Moors, basi lilipoanza kushuka nikanusa chumvi kabla sijaona maji. Mtu wa Pemba harufu ile haelezwi.

Tukavuka daraja la mto Esk tukaingia vichochoroni, shoga akanionyesha nyumba ya Grape Lane ya tajiri wa meli aliyemchukua James Cook kumfunza ubaharia mwaka 1746, na hata ile Endeavour aliyofikia nayo Australia iliundwa hapo hapo Whitby, meli ya kubebea makaa ya mawe. Namsikiliza lakini macho yangu yako gatini. Madema! Yamepangwa moja juu ya jingine, ya kutegea kambakoche, kamba zake za nailoni rangi ya bluu, na mlango ni ule ule wa samaki akiingia hatoki kama madema ya baba, ila ya baba yalikuwa ya fito. Nikaligusa moja, mvuvi akanitazama, nikamwambia kwetu nako tunatega hivi hivi, akacheka akanionyesha anapofunga chambo.

Ngazi 199 za kwenda kanisa la St Mary tulipanda pia, magoti yakaniuma, makaburi ya huko juu upepo wa bahari umekula maandishi yote.

Lakini kilichonikaa ni picha kwenye makumbusho ya boti za uokoaji. Mzee wa ndevu, kakunja mikono, kifuani kavaa jaketi nene la vipande vya gamba lile la vizibo vya chupa. Henry Freeman. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba ilikuwa inavunja meli moja baada ya nyingine, yeye na wenzake wa boti ya uokoaji wakatoka kwa makasia mara tano na kila mara wanarudi na watu, mara ya sita wimbi likaipindua boti yao karibu kabisa na gati, watu wamejaa wanawaona. Walikuwa 13. Walikufa 12, akatoka Freeman peke yake, na ni yeye peke yake aliyevaa lile jaketi la aina mpya. Akarudi baharini tena, akaja kuwa nahodha wa boti ya uokoaji.

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi nikampigia mdogo wangu, yeye ndo kabaki na ngarawa ya baba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Laifu jaketi unavaa?"

Akasema linabana, huwezi kuvuta nyavu nalo, na joto lile. Nikamsimulia yote, wale 12 na yule mmoja, shoga yangu kasimama pembeni na chipsi zinapoa. Akanyamaza kimya mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema haya, nitumie.

Nililinunua wiki ile ile, la rangi ya machungwa, likasafiri na mtu hadi Wete. Picha aliyonitumia yuko ufukweni kalivaa juu ya fulana, anacheka, mikanda ya kifuani yote inaning'inia. Nikampigia hapo hapo nikamwambia afunge.