Bwana Yuko London

Kaka yangu mkubwa amempenda George Bernard Shaw, yule mwandishi wa tamthilia, tangu akiwa shuleni. Kwa hiyo tulipokwenda Uingereza likizo ile, hapakuwa na mjadala: lazima tufike Ayot St Lawrence, kijiji cha Hertfordshire alikoishi Shaw tangu 1906 hadi alipofariki mwaka 1950. Barabara ya kuingilia ni nyembamba, magari mawili yakikutana moja hurudi nyuma. Sisi hatukuwa na haraka.

Nyumba yenyewe si kasri. Ilijengwa kwa matofali mwaka 1902, iwe makazi ya kasisi, na Shaw na mkewe Charlotte waliipanga kwa miaka kadhaa kabla ya kuinunua. Ukumbini kofia zake bado zimetundikwa, utafikiri katoka kunyoosha miguu. Kaka akanasa humo ndani, anasoma majina ya vitabu rafu kwa rafu.

Mimi nikashuka bustanini. Mwishoni kabisa, penye miti, kuna kibanda cha mbao ambacho mtu angekidhania stoo ya majembe. Nikachungulia: kimeza, taipureta, kiti cha henzerani, simu, kitanda chembamba. Basi! Mshindi wa Nobel ya 1925 aliandikia humo. Na kibanda kimewekwa juu ya mhimili, ukikisukuma kinazunguka kulifuata jua, mwenyewe apate mwanga na joto.

Kaka alipokuja, mama mmoja anayepokea wageni akatusimulia kwamba Shaw alikiita London. Akibisha mgeni asiyetakiwa, anajibiwa bila uongo wowote: "Bwana yuko London."

Kaka alicheka mpaka machozi. Mimi nilimwonea Shaw wivu wa kweli, kwa sababu naandika huku watu wanaingia na kutoka, kila mmoja na lake. Mlango wa namna ile ningeulinda kwa nguvu zangu zote.

Tukajinyoosha kwenye majani. Mama yule akatuambia kwamba ni bustani hiyohiyo Shaw alipoanguka Septemba 1950 akipogoa miti, ana miaka 94, na kwamba majivu yake na ya Charlotte yalichanganywa yakanyunyizwa humo. Kaka akainuka upesi, akauliza kama inafaa kukaa pale.

"Kaeni tu, wageni wote hukaa."

Akakaa tena, akatoa kitabu mkobani, akaanza kunisomea kwa sauti.