Modeli ya Gridi Isiyojua Programu ya Mtambo

Kazi yangu ni kuiga gridi ya umeme kwenye kompyuta kabla mtambo mpya haujaunganishwa, na kila ninapoletewa modeli ya shamba la upepo au ya betri, huanza kwa kuuliza iwapo imebeba mipangilio ya ulinzi iliyomo ndani ya mtambo wenyewe, au imebeba fizikia yake tu.

Nauliza hivyo kwa sababu ya yaliyolikuta jimbo la Australia Kusini tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba kali iliangusha minara ya njia kuu za umeme, na volteji ikashuka mara sita ndani ya takriban dakika mbili. Turbini za upepo zilihimili mishtuko ya mwanzo, lakini katika mashamba tisa programu zinazoziongoza zilikuwa zimewekewa kikomo cha idadi ya mishtuko inayoweza kuvumiliwa kwa muda mfupi, kikomo ambacho mwendeshaji wa gridi hakukifahamu wala hakikuwamo katika modeli zake. Kilipofikiwa, megawati 456 zilipotea kwa sekunde chache, njia ya Heywood inayoliunganisha jimbo hilo na jimbo jirani la Victoria ikaelemewa na kujikata, na jimbo zima likazimika. Turbini zilizimwa na tarakimu iliyoandikwa ndani ya programu, ilhali upepo ulikuwa bado unavuma.

Sisi wa Kenya tunapaswa kulitafakari jambo hili kwa uzito, kwani shamba la upepo la Ziwa Turkana lina turbini 365 zenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Chukua mfano wa gridi yenye mashine za megawati 2,000 zinazozunguka, zikiwa na akiba ya nishati ya mwendo inayotosha sekunde 4 za mzigo kamili. Ikipoteza megawati 300 ghafla, masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, huanza kushuka kwa kasi ya takriban hezi 0.94 kwa sekunde, yaani hugusa 49 baada ya sekunde moja na ushei, kabla magavana, yaani vidhibiti vya mwendo wa mitambo ya maji, hayajafungua milango ya maji vya kutosha. Betri ya megawati 100 inayoitika upesi hupunguza kasi hiyo hadi takriban hezi 0.6 kwa sekunde.

Hata hivyo, nafuu hiyo hutegemea inveta, kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa betri uwe wa gridi, na inveta haina uzito unaozunguka. Tabia yake yote imo katika programu. Ndiyo maana uigaji wa zamani wa hatua za milisekunde hautoshi pale gridi inapokuwa dhaifu, na inatubidi kushuka hadi mikrosekunde, kwa modeli iliyotolewa na mtengenezaji kutokana na programu halisi ya kifaa. Ni kazi ya polepole na ya gharama, lakini naitetea bila kusita. Betri ya Hornsdale, iliyoanza mwaka 2017 huko huko Australia Kusini ikiwa na megawati 100, iliruhusiwa mwaka 2022 kutoa huduma inayofanana na ile ya mashine zinazozunguka, na mabadiliko hayo yaliletwa na programu yake.

Kwa hiyo modeli ninayoipokea huipa mfululizo wa hitilafu zinazofuatana, wala siishii kwenye hitilafu moja. Na ikiwa ni ya betri, huijaribu pia wakati chaji imekaribia kwisha, kwa kuwa hitilafu haingoji betri ijae.