Kumuuliza mgonjwa wa saratani anataka nini: uzoefu wangu Moshi

Mazungumzo haya mara nyingi huharibika kabla hayajaanza. Mgonjwa ana maumivu, wa kitanda cha pili anasikia kila neno, ndugu wamejaa mlangoni. Ndiyo maana ninaanza na maumivu. Morfini ya maji hushika ndani ya nusu saa hadi saa nzima na hudumu takribani saa 4, kwa hiyo akinywa saa 3 asubuhi, saa 4 ninavuta kiti. Kama ndio kwanza ameanzishiwa na anasinzia, nasubiri siku 2 au 3, maana usingizi huo kwa kawaida hupungua. Nahakikisha pia anapata bisakodili, dawa ya kusaidia kupata choo, kwani morfini hufunga choo, na mtu ambaye hajapata choo siku 5 hana nafasi ya kuzungumzia jambo lingine.

Sisubiri azidiwe. Najiuliza: huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja, nitashangaa? Kama sitashangaa, muda wa kuzungumza umefika, hata kama bado anakuja kliniki kwa miguu yake.

Dakika 10 za kwanza nakaa naye peke yake. Anayezungumza Kichaga au Kimaasai zaidi ya Kiswahili namtafutia nesi anayejua lugha yake. Mwanawe akitafsiri, kwa upendo tu atapunguza makali ya jibu, na mimi sitajua kilichopungua.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nauliza: "Mama, mpaka sasa umeelewaje kuhusu ugonjwa wako?" Jibu hilo ndilo linaloniongoza. Kisha: "Ungependa nikueleze yote, au kuna mtu nizungumze naye?" Akitaka kujua, namwambia kwa sentensi fupi, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu ulimi unawahi kutaja vipimo na dawa ilhali mtu bado analia. Akiuliza muda, nasema "wiki kadhaa" au "miezi michache"; sitaji tarehe. "Hatuna la kufanya tena" silitamki kamwe, kwani si kweli: maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi vina tiba hadi siku ya mwisho.

Hapo ndipo ninapofika kwenye matakwa. Anaogopa nini zaidi? Ugonjwa ukizidi, awe wapi? Yuko tayari kuvumilia nini ili apate muda zaidi, na nini hataki kabisa? Asipoweza kusema, nani amsemee? Hili la mwisho ninaliuliza hata pale inapoonekana wazi kwamba ni kijana mkubwa, maana wengi humtaja binti anayewaogesha.

Ndugu wakisema "Daktari, usimwambie," sibishani. Nawauliza wanahofia nini akijua, kisha naomba ruhusa ya kumuuliza mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Wengi hukubali, kwa kuwa sijawalazimisha kutangaza chochote. Akisema Mungu atamponya, namwitikia kwa moyo wote: tunaomba hivyo, na huku tukiomba, tupange pia la kufanya maumivu yakizidi.

Mtoto aliye Dar es Salaam asiposhirikishwa, atafika mwishoni na kutaka tibakemikali ianze upya, na kila kilichokubaliwa kitavunjika. Tunampigia simu kwa spika wakati wa kikao cha familia. Desemba, familia zinapopanda Rombo, Marangu na Machame, ni msimu mzuri wa kikao kamili, ila mgonjwa awe ameshaulizwa kabla ukoo haujakusanyika.

Tulichokubaliana nakiandika ukurasa wa mbele wa faili, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina na simu ya msemaji wake. Ninakinakili pia kwenye daftari analotembea nalo, maana daktari wa zamu ya usiku hana muda wa kufunua kurasa 40. Akichagua kufia nyumbani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, haondoki bila morfini ya kutosha hadi tarehe ya kuijaza tena, bisakodili, namba ya simu ya timu ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa), na mtu mmoja wa nyumbani aliyepima dozi kwa sirinji mbele yangu. Bila hivyo, maumivu ya usiku mmoja yatamrudisha wodini kwa gari la kukodi. Maswali yaleyale nayarudia anapoacha kutoka kitandani au matibabu yanapobadilika, kwa sababu wapo waliotaka nyumbani mwezi wa 3 na kufikia mwezi wa 6 wanataka kulazwa, na ukurasa wa mbele lazima ufutwe na kuandikwa upya.