Nilivyofundisha kupokezana vijiti kwenye uwanja usio na mistari

Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, unapokaribia, walimu wengi wa michezo tunafanya kitu kilekile: tunawapanga watoto mstarini, tunapuliza kipyenga, na wanne wa kwanza kufika ndio timu ya kupokezana vijiti, mita 100 kwa wanne. Kijiti wanakuja kukishika siku za mwisho kabisa. Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, na mwaka ule sikuwa na msichana hata mmoja mwenye mbio za kutisha. Nilikuwa na wanne wa darasa la sita, wenye bidii na wanaoelewana, na muhula mzima mbele yetu. Nikaamua muda huo tuumalizie kwenye kijiti.

Kumwongezea mtoto wa miaka 12 kasi ya miguu ni kazi ndefu, na sehemu kubwa inakuja na kukua kwake. Kupokezana kunafundishika. Katika fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Japani walipata medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika, na wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Hata ukimpa kila mmoja sekunde 10 kamili, jumla ni 40. Tofauti ile inatokana na watatu kati yao kupokea kijiti wakiwa tayari wameshachanganya mbio. Marekani, waliomaliza wa tatu siku hiyo, waliondolewa kwa sababu kijiti kiliguswa na mpokeaji kabla hakijaingia kwenye eneo la kupokezana. Niliwaonyesha wasichana video hiyo kwenye simu, wakairudia mpaka chaji ikaisha.

Vijiti tulitengeneza wenyewe. Kanuni zinataka urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Fundi bomba mmoja wa pale senta alitupa mabaki ya bomba la plastiki la milimita 40, tukakata, tukasugua ncha kwa msasa zisikwaruze viganja.

Uwanja ulitutoa jasho zaidi. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, mvua zikikatika unapasuka nyufa za kumvunja mtoto kifundo cha mguu. Darasa zima lilibeba mchanga kwa ndoo kuziba nyufa. Uwanja wa kimataifa wa mita 400 hauingii kwetu, kwa hiyo nilichora wa mita 200: nyoofu mbili za mita 40, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 18.90. Ukichora kwa mstari tu bila ukingo, umbali unapimwa sentimita 20 nje ya mstari, ndiyo maana hesabu inatumia 19.10. Kigingi katikati, kamba ya manila isiyovutika, mtoto mmoja anazunguka na kamba na mwingine nyuma yake anamwaga majivu ya jikoni. Somo la hisabati siku hiyo lilifanyikia nje, na mwalimu wa hisabati alilifurahia kuliko mimi.

Jambo moja nawaomba walimu wenzangu mlitazame: eneo la kupokezana katika mita 100 kwa wanne sasa ni mita 30. Zamani lilikuwa mita 20, na nyuma yake mita 10 za kuanzia mbio tu. Kanuni ilibadilika tangu mwishoni mwa 2017, lakini bado nakuta viwanja vimechorwa kwa kipimo cha kale. Na mwamuzi anaangalia kijiti kiko wapi. Miguu ya mpokeaji haimhusu.

Tulianza kwa kutembea. Wanne kwenye mstari mmoja, kijiti kinatoka nyuma kwenda mbele, hakuna anayegeuza shingo. Wa kwanza anashika kwa mkono wa kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, na hakuna kuhamisha mkono njiani. Mpangilio huo una maana yake: mkimbiaji wa kona akiwa na kijiti kulia anaweza kubana mstari wa ndani. Nilichagua kutoa kwa kupandisha kutoka chini, kama Wajapani, kwa kuwa mkono wa mpokeaji unabaki karibu na nyonga na mtoto haharibu mwendo wake. Njia hii ina shida yake. Kijiti kikishikwa katikati, kila anayepokea anabakiwa na kipande kifupi zaidi mbele ya ngumi yake, na wa nne anapokea ncha. Dawa ni mtoaji kushika mwisho kabisa, na kuingiza kijiti mpaka ngumi yake iguse kiganja cha mwenzake. "Gusa ngozi," ndivyo nilivyokuwa nawaambia, na wao wakawa wanaambiana hivyo hata nisipokuwepo.

Tulihitaji pia neno la kuita mkono. Timu karibu zote zinapiga kelele "Shika!", na kwenye mashindano njia sita zikiita pamoja mtoto hajui anaitwa nani. Wasichana wakachagua "Chai!" Hilo hakuna mwingine angeliita.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa alama. Mpokeaji anahesabu nyayo kurudi nyuma kutoka anaposimama, anaweka alama, na mwenzake akiikanyaga yeye anaondoka kwa nguvu zote bila kuangalia tena. Mtoto haamini. Anaondoka nusu nusu, anapunguza, anageuka. Tulianza na nyayo 15. Mtoaji akimpita mwenzake tunaisogeza mbali, asipomfikia tunaileta karibu. Kila jozi ilipata namba yake, na kila msichana aliiandika nyuma ya daftari. Wawili walikuwa na zamu ya kuteka maji jioni, basi mazoezi yakawa asubuhi kabla ya kuhesabiwa namba mstarini.

Nilipima hivi: muda wa mita 100 wa kila mmoja, nikajumlisha, nikapata sekunde 60.3. Mbio zao za kwanza za pamoja zilichukua zaidi ya 62. Kufikia Mei walikuwa wanakimbia chini ya 58, na miguu ilikuwa ileile.

Kikao cha kuchagua timu ya kata ndicho kilichonitia wasiwasi. Utaratibu wetu ni kukusanya wenye kasi kutoka shule zote, na kwa saa ya mkononi, wasichana wangu wawili tu wangebaki. Nikawaambia, "Walimu wenzangu, pangeni wanne wenu wenye kasi kuliko wote, nami nilete wangu, tuone." Mwalimu mkuu wa shule jirani akasema ni haki, tujaribu. Mguu wa kwanza, yaani mita 100 za mwanzo, tuliachwa. Kwenye eneo, mpokeaji wao alisimama amegeuka, mkono mbele kama anayepokea mzigo, na mwenzake akapunguza ili asimgonge. Nikasikia "Chai!" na msichana wangu akapita bila kuangalia nyuma. Hawakutufikia tena. Timu ya kata ikawa ya wanne wale wale, na wilayani walishika nafasi ya pili.

Yule aliyekuwa na kasi kuliko wote siku ile, msichana wa shule jirani, alianza kuja kufanya mazoezi nasi Jumamosi kwa ridhaa ya mwalimu wake. Msimu uliofuata mmoja wetu alihamia Geita na wazazi wake, na yule wa shule jirani akaingia mguu wa nne. Mara za mwanzo alimkimbia mtoaji mpaka nje ya eneo, kijiti kikabaki nyuma. Wenzake walitaka apunguze mbio. Nikakataa, aondoke kwa nguvu zote kama wengine. Tulichopunguza ni nyayo, kutoka 17 hadi 14, na ndiyo namba iliyoandikwa kwenye daftari lake.